Kahawa ya Wanahua isihesabiwe kilo tu

Wanaotaka kuibadili kahawa ya Cuetzalan, kwenye milima ya Sierra Norte ya Puebla nchini Meksiko, wana hoja isiyopuuzika: mashamba ya Wanahua, wenyeji wa asili wa huko, hutoa kahawa kidogo. Mibuni imezeeka na imefunikwa na kivuli. Hekta ileile ikiwekwa juani, ikapewa miche mipya na mbolea, itazaa zaidi. Kwa hesabu ya kahawa peke yake, wako sahihi.

Lakini kuojtakiloyan, yaani msitu unaozaa, kama Wanahua wanavyoliita shamba hilo, si shamba la kahawa peke yake. Juu ya mibuni imesimama miti ya jamii ya Inga, inayorutubisha udongo. Kando yake kuna migomba, michungwa na mti wa pimienta gorda, ambao matunda yake huchumwa, hukaushwa na kuuzwa kama kiungo. Nyumbani hufugwa nyuki wadogo wasiouma, pisilnekmej, katika vyungu viwili vilivyokutanishwa midomo. Asali yao ni dawa, tena huuzwa. Watafiti wameorodhesha katika msitu huo zaidi ya aina 200 za mimea. Na kwenye miteremko inayopata mvua nyingi namna ile, udongo ulioachwa wazi huishia mtoni.

Mimi kila nikisikia habari ya kilo, huukumbuka mwaka 1989. Katikati ya mwaka ule makubaliano ya kimataifa ya kugawana viwango vya kuuza kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka. Desemba jalidi ikaiunguza mibuni. Wakati huohuo Inmecafé, shirika la serikali lililonunua kahawa na kuhimiza mbolea na kivuli kidogo, likaanza kufungwa. Aliyekuwa amefyeka miti yake kwa kufuata ushauri angeuza nini msimu ule? Mwenye msitu alikuwa na zaidi ya zao moja la kutegemea. Kinga hiyo haimo katika jedwali lolote la mavuno, na ndiyo sababu huonekana kana kwamba haipo.

Ni kweli pia kwamba ujuzi wa wazee hautoshi kwa kila balaa. Kutu ya majani, ugonjwa wa kuvu ulioenea tangu 2012, uliishambulia vibaya mibuni ya zamani, na kivuli kizito hutunza unyevu unaoipa nguvu kuvu hiyo. Hapo miche stahimilivu ya wataalamu inahitajika. Vijana nao wanakwenda mijini, na msitu wa namna hii hautunziki bila mikono.

Mpango wa serikali wa Sembrando Vida, ulioanza 2019, humlipa mkulima kila mwezi apande miti na mazao pamoja. Ni hatua kubwa kuliko enzi za Inmecafé. Ila unadai hekta 2.5, wakati wengi Cuetzalan wana pungufu ya hapo, na unatazama zaidi miche inayopandwa. Mahali pengine Meksiko kumeripotiwa watu waliokata miti ili wapate pa kupanda. Malipo yaanzie kwenye miti iliyokwisha kusimama, na mwenye hekta moja aruhusiwe kuingia.