Kilti ni ya mababu au ya mwenye kiwanda?

Mwaka 1983 mwanahistoria Mwingereza Hugh Trevor-Roper aliwagusa Waskoti pabaya. Alidai kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wanayojivunia, ilibuniwa na Mwingereza, tena mwenye kiwanda: Thomas Rawlinson wa Lancashire, aliyekuwa na tanuri la chuma huko Invergarry miaka ya 1720. Shahidi wake mkuu ni barua iliyochapishwa Edinburgh mwaka 1785, wakati wengi waliohusika walishazikwa.

Kabla ya hapo wanaume wa milimani mwa Skoti walivaa kilti kubwa, shuka zito la sufu lenye urefu wa mita nne hadi tano. Mtu alilitandaza chini juu ya mkanda, akalikunja marinda, akalilalia, akajifunga, akasimama. Sehemu ya chini ikawa sketi, ya juu ikatupwa begani. Usiku lote likawa blanketi. Kwa mchunga ng'ombe anayelala porini lilitosha kabisa. Kwa mkata miti ya mkaa au mtu wa tanuri lilikuwa kero. Rawlinson, kwa mujibu wa barua hiyo, akaagiza sehemu ya juu iondolewe na marinda yashonwe.

Wanaompinga Trevor-Roper wanasema kuacha nusu ya shuka nyumbani hakuhitaji mvumbuzi, nami naona wana haki. Hata kama ni Rawlinson, nguo iliyopunguzwa ili mtu afanye kazi ina ubandia gani?

Ila Trevor-Roper alisema pia kwamba tartani za koo, yaani kila ukoo na kitambaa chake cha mirabaraba, ni uzushi wa baadaye, na hapo simbishii. Baada ya vita vya Culloden, ambako waasi wa milimani walishindwa na jeshi la serikali, sheria ya 1746 ilipiga marufuku mavazi ya milimani. Kosa la kwanza lilikuwa jela miezi sita, wanajeshi tu wakiachwa. Ilipofutwa mwaka 1782, watu wa kawaida walishazoea suruali. Waliolirudia vazi kwa mbwembwe ni mabwana wakubwa. Mwaka 1822 Mfalme George IV alizuru Edinburgh, mwandishi wa riwaya Walter Scott akiongoza sherehe, na mfalme akatinga kilti na soksi ndefu za waridi! Watu wa nyanda za chini, ambao babu zao waliliita vazi la wezi wa ng'ombe, wakakimbilia kwa mafundi cherehani. Wafumaji Wilsons wa Bannockburn, ambao vitambaa vyao vingi vilitambulika kwa namba tu, wakazidi kuvibandika majina ya koo, maana jina liliuza kuliko namba.