Gurudumu la kuhesabu linalaumiwa kupita kiasi

Anayetaka kununua saa ya kale ya mezani huonywa mapema: achague inayopiga kengele kwa reki (kipande chenye meno kinachohesabu mapigo), akwepe yenye gurudumu la kuhesabu. Sababu ni kwamba hii ya pili ipo siku mshale mfupi utasimama kwenye 3 na kengele ilie mara 8. Ni kweli hutokea, lakini hukumu inayofuata ni kali mno.

Gurudumu la kuhesabu lina mapengo ukingoni, na umbali kati ya pengo na pengo hukua kadiri idadi ya mapigo inavyokua. Wenzo, yaani mkono mdogo unaofuata ukingo huo, ukidondokea penye pengo, kengele hunyamaza. Kwa saa 12 hiyo ni mapigo 78, na kama nusu saa nayo hupigwa mara moja, 90. Saa ya Kifaransa ya karne ya 19 inayokwenda siku 14 hupiga mara 2,520 kabla ya kutiwa ufunguo tena, na katika mapigo yote hayo hakuna linaloitazama mishale. Kila mlio huendelea pale ulipoachwa na uliotangulia. Mmoja ukirukwa, yote inayofuata hubaki nyuma hatua moja mpaka mtu airekebishe.

Reki, ambayo ubunifu wake unahusishwa na kasisi Mwingereza Edward Barlow mwaka 1676, haina kasoro hiyo. Mkia wake huangukia kipande chenye umbo la konokono na ngazi 12, kilichofungwa kwenye gurudumu la mshale wa saa, kwa hiyo hesabu hupimwa upya kila mara. Ndiyo iliyowezesha saa za kuvuta kamba usiku ili zirudie saa iliyopita, jambo kubwa wakati ambapo kuwasha taa kulikuwa kazi. Anayehitaji hilo achukue reki.

Lakini reki nayo ina ugonjwa wake, na hauzungumzwi. Springi ya kengele ikiisha nguvu kabla ya springi ya mwendo, ile inayozungusha mishale, reki huanguka na hakuna cha kuirudisha juu. Kati ya 12 na 1, ukuta mrefu wa konokono huja kuugonga mkia, na saa nzima inasimama. Mafundi wazuri waliweka mkia unaopinda au kuuchonga mteremko ili upande juu. Pasipo hivyo, mwenye saa hudhani mwendo umekufa. Tena yote haya yamefichwa nyuma ya uso wa saa, hayaonekani mpaka mishale na uso vitolewe. Springi hiyo hiyo ikiisha kwenye saa ya gurudumu la kuhesabu, kengele hunyamaza tu na mwendo unaendelea.

Kwenye saa nyingi za Kifaransa gurudumu lenyewe liko nje ya bamba la nyuma. Fungua mlango, inua taratibu wenzo uliolala penye pengo, uachie, hesabu mlio. Mishale ikiwa kwenye 3 na kengele imetoka kupiga 8, utainua mara 14, nusu saa zikiwemo, na kusikia mapigo 55. Usifanye hivyo dakika chache kabla ya saa kamili, wakati mitambo imeshajiandaa kupiga. Baadhi ya saa za Marekani zina waya unaoning'inia kwa kazi hiyo hiyo.

Uhuru huo wa kengele una faida ambayo msomaji wa Kiswahili ataiona upesi: saa hiyo inaweza kuachwa mishale ikisoma 7 asubuhi huku kengele ikipiga moja. Saa ya reki haikubali kirahisi hivyo, kwa kuwa konokono na mshale huzunguka pamoja.

Chanzo cha kupotea hesabu kwa kawaida ni mkono wa mtu: mishale iliyosukumwa kupita saa kamili bila kusubiri kengele imalize, au iliyorudishwa nyuma. Kama hesabu inapotea bila kuguswa, itazamwe ncha ya wenzo. Ikiwa imelika au imepinda, hugusa ukingo wa pengo badala ya kuingia katikati yake, na kengele huunganisha saa mbili katika mlio mmoja. Hupindwa kidogo kidogo, na hujaribiwa kwa mzunguko mzima wa saa 12, kwa sababu pengo moja huweza kukataa mahali ambapo jingine lilikubali.