Tuzo za madini hazijafika Ikolomani

Jumapili nilikuwa Ikolomani, kaunti ya Kakamega, kwa senje wangu, yaani shangazi, nimekaa kwenye kigoda nikichezea simu, rafiki yangu wa Kisumu akanirushia video. Hafla ya kuwatuza vigogo wa madini barani Afrika. Zulia jekundu, suti za kumetameta, mzee mmoja akiinua kombe huku akishukuru bodi, wanahisa, mke wake na Mungu. Kwa mpangilio huohuo.

Senje akachungulia. "Hicho kikombe ni dhahabu?"

"Kioo, Senje."

Akacheka mpaka akakohoa. Kicheko kikaisha, kikohozi kikabaki. Hapo ndipo hasira iliponipanda.

Senje anaponda mawe ya dhahabu, na ameyaponda tangu nikiwa darasa la nne. Hukalia gunia, jiwe akaliweka ndani ya duara la mpira wa tairi lisirukeruke, nyundo mkononi, leso imefungwa puani. Vijana wakitoa mawe shimoni, yeye ndiye huitwa kuyachagua kabla hayajaenda kusagwa. Analamba kidole gumba, analipaka jiwe mate, analigeuza juani mara mbili. "Hili lete. Hili tupa." Basi. Vijana wenyewe, wanaobishana hata kuhusu mchezaji gani auzwe, hapo hawabishi. Kusaga jiwe lisilo na kitu ni kuchoma dizeli bure.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2024 mgodi wa Karowe kule Botswana ulitoa almasi ya karati 2,492, na sifa zikaenda kwa mitambo ya eksirei iliyoiona kabla haijavunjwavunjwa. Sawa, nawapa, tena shingo upande: ni kazi safi, na Botswana angalau imesomesha watoto wake kwa hela ya almasi. Lakini kuliona jiwe kabla halijasagwa, si ndiyo kazi ya Senje? Tofauti ni kwamba mtambo haukohoi. Vumbi lile likishatua kwenye mapafu, halitoki.

Na zebaki je, ile ya kunasia dhahabu? Kenya iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2023. Huku machimboni bado inakandwa kwa mikono mitupu ndani ya karai, kisha inachomwa juu ya jiko, watoto wakiota moto pembeni.

Najua mtanitajia Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Tanzania. Ndiyo, mwaka 2020 kule Mererani alipata mawe mawili ya tanzanaiti, karibu kilo 15 kwa jumla, na Rais Magufuli akampigia simu kumpongeza. Nilifurahi kama nyinyi. Ila alipigiwa baada ya kulipwa shilingi za Tanzania bilioni 7.74. Angetoka shimoni na vumbi tupu, kama alivyotoka siku nyingine nyingi, simu ingelia?

Tukitaka kutuza kasi, basi kombe lingewafaa wakoloni. Mwaka 1930 walitunga sheria ya kuwahakikishia Waafrika ardhi yao. Dhahabu ikaonekana Kakamega mwaka uliofuata, na kufika Desemba 1932 sheria ilishabadilishwa ili mchimbaji achukue shamba la mtu bila hata kulazimika kumpa jingine. Mgodi wa Rosterman, hapo Kakamega, ukachimbwa hadi 1952, ukafungwa, ukatuachia mashimo. Leo tuna Sheria ya Madini ya 2016, na asilimia 10 ya mrabaha, ile ada ambayo mwenye mgodi huilipa serikali, ni ya jamii. Nimemuuliza Senje kama ameiona. Akaniuliza mrabaha ni nani.

Sisemi mhandisi asituzwe. Mtu amepima miamba miaka kumi, mpeni kombe lake. Ninachokataa ni hili la kusema "madini ya Afrika" ukumbini na usimwone hata mmoja mwenye kucha zilizopasuka, isipokuwa kwenye picha kubwa ya ukutani, anatabasamu, hana jina. Waandaaji wakitaka jina la Senje, waje Jumanne. Saa moja asubuhi atakuwa kwenye gunia lake. Waje na vigoda vyao, sisi tuna kimoja.

Nikirudi mjini nilimnunulia boksi la barakoa za vumbi, nikampelekea kwa matatu. Jana nimempigia kuuliza kama zinamkaa vizuri. Amewagawia wenzake zote, yeye amerudi kwa leso yake.