Damu ya Kikwit: sampuli zibaki Kongo au ziende?

Kila Ebola ikilipuka Kongo hoja inarudi ileile, wengine wanasema damu za wagonjwa zisitoke nchini, wengine wanasema hizo ni siasa tu, ugonjwa unaua sasa hivi, peleka sampuli popote penye mashine. Mimi nikiiwaza hii hoja namkumbuka Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wa virusi wa Kongo, maana yeye kaziishi pande zote mbili.

1976 alikuwa daktari kijana, ana PhD ya virusi kutoka Leuven Ubelgiji na ameamua kurudi nyumbani, akatumwa Yambuku, kijiji cha kaskazini mwa Kongo, kuangalia homa inayoua watu. Akatoa damu mikono mitupu, hana glovu, kila akichomoa sindano damu haigandi inamchuruzikia vidoleni, akanawa kwa sabuni basi. Halafu akamshawishi mtawa wa Kibelgiji aliyekuwa na homa aende naye Kinshasa, na damu ya mtawa ikapandishwa ndege mpaka Antwerp, Ubelgiji. Huko wakakiona kirusi, ndo hicho cha Ebola, Atlanta Marekani wakathibitisha ni kipya, na kwa miaka mingi waliotajwa kuwa wagunduzi ni wa huko, yule aliyeshika damu kwa mkono hatajwi. Inauma. Ila tuseme ukweli, Kinshasa wakati ule hapakuwa na maabara ya kukitambua kirusi kile, na mlipuko ule uliondoka na watu 280 kati ya 318 waliougua. Kuizuia damu ile kungesaidia nani?

Sasa njoo mji wa Kikwit 1995, Ebola ilipolipuka tena Kongo, hapa ndo penye utamu na uchungu pamoja. Muyembe na wenzake wakachukua damu ya waliopona wakawaongezea wagonjwa 8, wakapona 7. Wataalamu wa nje wakakataa, wakasema hakuna kundi la kulinganisha, na huenda hao wagonjwa walishavuka siku mbaya zaidi. Na mi naona walikuwa na haki kuuliza, kwa sababu plasma ya manusura, yaani yale majimaji ya damu yao, ilipokuja kujaribiwa Guinea 2015 haikuonyesha tofauti ya maana. Lakini kuuliza ni kitu kimoja na kulitupa wazo la mtu ni kitu kingine jamani. Mwaka 2006 manusura mmoja wa Kikwit akatoa damu, miaka 11 baada ya kupona, ikaenda Marekani kwenye maabara za NIH, taasisi za afya za serikali ya huko, na kutoka kwenye hiyo damu wakapata kingamwili moja, yaani kinga ambayo mwili huitengeneza kupambana na kirusi, wakaiita mAb114. Ikajaribiwa kuanzia Novemba 2018 kwa wagonjwa wa Beni, Butembo na maeneo ya jirani mashariki mwa Kongo, katikati ya vita na watu wanaoamini Ebola ni biashara, wagonjwa 681 kwa dawa nne. Waliopewa mAb114 walikufa kama 35 kwa 100, waliopewa ZMapp, dawa ya kulinganishia, walikufa nusu yao. Leo ni dawa, inaitwa Ebanga.

Kwahiyo wanaotetea kusafirisha wana ushahidi mzito, bila NIH hiyo kingamwili ingebaki ndani ya mishipa ya mtu wa Kikwit. Na wanaopinga nao wanao, dawa imetoka kwa Mkongo lakini leseni yake iko kwa Ridgeback, kampuni ya Marekani.

Muyembe mwenyewe uzeeni akaamua sampuli za milipuko ijayo zibaki Kongo, anayetaka kuzichunguza aje. Mimi niko naye kwa sehemu kubwa, ingawa kuna jambo linanikwaza, jengo jipya la INRB, taasisi yake ya utafiti wa magonjwa pale Kinshasa, limejengwa kwa pesa za Japani, na serikali isiyolipa maabara yake itapata wapi nguvu ya kumpangia mgeni masharti? Kinachonipa moyo zaidi ni kwamba ripoti ya jaribio lile ilipotoka 2019 jina la kwanza juu yake lilikuwa la Sabue Mulangu, Mkongo, daktari aliyepita kwenye taasisi ya Muyembe. Hapo damu ilisafiri na mwenyeji wake akasafiri nayo, mpaka kwenye mstari wa kwanza wa karatasi. Sharti kama hilo ndo ningetaka liandikwe kwenye kila mkataba kabla kichupa hakijapanda ndege, nani wa kwetu anaenda nacho, na dawa ikipatikana dozi ngapi zinakaa Goma na siyo ng'ambo.