Waliokuja kwa barua na waliokuja kwa nauli yao

Kodi ya chumba ikipanda Dodoma, lawama ina mwenyewe: watumishi waliohamishiwa huku kutoka Dar es Salaam. Simu ikiporwa Chang'ombe ya hapahapa Dodoma, au meza za mitumba zikiziba njia ya waenda kwa miguu, lawama inahama na kwenda kwa vijana waliokuja kutafuta maisha. Makundi haya mawili ndiyo yaliyolijaza jiji tangu 2016, na hakuna kijiwe kisicho na la kusema juu yao. Tatizo ni kwamba tunalisema kila moja kwa wakati wake. Ukiyaweka pamoja, hesabu inabadilika, na mimi naona inabadilika kwa faida ya hawa wa pili.

Historia ya kuhamia Dodoma mkazi yeyote anaijua: uamuzi wa 1973, miongo ya ahadi, kisha Julai 2016 Rais Magufuli akasema safari hii ni kweli. Waziri Mkuu alitangulia Septemba mwaka huohuo, na Aprili 2018 manispaa ikapewa hadhi ya jiji. Tuache hapo. Kinachonikera ni namba ambayo watu wanaipita haraka.

Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Dodoma na watu 410,956. Ile ya 2022 ikalikuta jiji na watu 765,179. Hilo ni ongezeko la asilimia 86 ndani ya miaka kumi. Kila mara namba hiyo ikitajwa, maelezo huwa ni mamoja: serikali imehamia. Sawa, lakini tuipige hesabu. Nchi nzima ilitoka watu 44,928,923 hadi 61,741,120 katika kipindi hicho, yaani asilimia kama 37. Dodoma ingekua kwa kasi hiyo ya taifa, mwaka 2022 ingekuwa na watu kama 565,000. Wamezidi laki mbili. Na hapo nimekadiria kwa upole, kwa sababu familia za mjini huzaa wachache kuliko za vijijini. Waliotoka nje ya jiji huenda ni wengi zaidi.

Ni akina nani hao laki mbili? Sehemu kubwa ya watumishi wa umma nchini ni walimu na watu wa afya, nao wako kwenye halmashauri zao, hakuna aliyewahamisha. Waliokuja ni wa makao makuu ya wizara na baadhi ya taasisi, na wengi wao waliacha familia walikotoka. Waongeze wanafunzi wa vyuo, ingawa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilianza 2007 na mwaka 2012 kilikwisha kuwa na maelfu yake. Bado hesabu haifungi. Jiji lililojaa hivi limejazwa zaidi na watu ambao hakuna ofisi iliyowaandikia barua ya kuja.

Hata hivyo, mtumishi naye anasemwa visivyo. Watu wanamwona kama aliyekuja kuneemeka, na ukweli ni kwamba hakuulizwa. Alipewa barua, akalipwa stahili za uhamisho, akaambiwa aripoti. Mke anafundisha Temeke, na uhamisho wake una foleni yake. Mtoto yuko kidato cha tatu. Nyumba ya Kimara haijaisha kulipiwa mkopo. Basi mzee anapanga chumba na sebule Ilazo, na Ijumaa jioni utamkuta stesheni ya SGR na wenzake, begi mgongoni, kitambulisho cha kazi bado kinaning'inia shingoni, mkononi chupa mbili za asali. Treni ilipoanza safari za Dodoma Julai 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Kwenda na kurudi ni 62,000; akienda kila wiki, mwezi unakula 248,000. Mei Mosi ya 2025 pale Singida, Rais Samia alitangaza kima cha chini cha mshahara serikalini kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Mwenye mshahara huo akitaka kuwaona wanawe kila wiki, karibu nusu yake inaishia kwenye tiketi. Kwa hiyo haendi kila wiki. Anakwenda mwisho wa mwezi, na ndoa nyingi zinaendeshwa kwa simu.

Tena huo mshahara haufiki mzima. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inachukua asilimia 5, NHIF ya bima ya afya asilimia 3, Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi kama alisoma kwa mkopo, inakuja kodi, unakuja mchango wa chama cha wafanyakazi, halafu benki, ambayo inaruhusiwa kukata mpaka ibaki theluthi. Anayemwita mtumishi wa ngazi ya chini tajiri hajaiona salari slipu yake.

Lakini itazame tena slipu hiyohiyo. Kwenye pensheni, mwajiri anaongeza asilimia 15 juu ya ile 5. Kwenye bima anaongeza 3. Benki inamkopesha kwa sababu inajua tarehe ya mshahara wake kuliko anavyoijua yeye. Kila kato ni kamba, na siku akiteleza zote zinavuta juu. Akiugua, anaonyesha kadi. Akifa, kuna mafao. Shida zake ni za kweli, ila zina sakafu.

Sasa mgeukie aliyeshuka kituo cha Nanenane akitokea Mpwapwa, Kondoa, Iramba au Kasulu. Saa kumi na mbili asubuhi, kandokando ya barabara za kuelekea kunakojengwa, Njedengwa, Iyumbu, Ihumwa, vijana wanakaa na makoleo yao. Gari dogo linasimama, kioo kinashuka, mwenye gari anasema "watatu", wanakimbia kumi. Saa tano wale saba bado wapo, wamehamia kivuli cha mwarobaini. Hawajaondoka, ingawa wanajua kwamba mtu wa zege haji saa tano. Wizara zilizoko Mtumba, kwenye mji wa serikali, zimejengwa na mikono hii. Barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 ina jasho lao, na uwanja wa ndege wa Msalato vilevile. Hakuna kati ya kazi hizo iliyompa saidia fundi kitu cha kumwonyesha daktari au mwenye nyumba. Kima cha chini cha sekta binafsi kipo kwa tangazo la serikali, lakini kinamfaa mwenye mkataba, na mkataba wa saidia fundi unaisha jua likizama.

Mwenye pikipiki ya mkataba anaonekana amepanda daraja. Anapeleka hesabu kwa bosi kila siku, inyeshe isinyeshe, na baada ya mwaka na ushee chombo kinakuwa chake. Akipata ajali mwezi wa kumi, anapoteza mguu, pikipiki na miezi yote kumi aliyolipa. Mama lishe anayewauzia wali hao vibarua hana slipu ya kupeleka benki, kwa hiyo anakopa kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kali, marejesho kila wiki, na akichelewa wanakuja kubeba friji. Watu wawili wa jiji moja wanakopa kiasi kilekile, mmoja kwa miaka sita akiwa ofisini, mwingine kwa wiki nane akiwa jikoni. Kwangu hapo ndipo penye tofauti kubwa kuliko zote, kuliko hata tofauti ya kipato. Wapo mafundi wazuri wanaoingiza kwa mwezi zaidi ya karani wa wizara. Wanachokosa ni uhakika wa mwezi ujao, na mjini uhakika huo ndio unaokodisha nyumba.

Maana kodi hapa inalipwa miezi sita kwa mkupuo, na dalali anataka wa kwake. Mtumishi anakopa, analipa, anaingia Kisasa. Kibarua anatafuta mwenye nyumba anayekubali mwezi kwa mwezi, na hao wanapatikana kule ambako hakujapimwa, ambako bomba halijafika. Maji ya Dodoma kwa miaka mingi yametegemea visima vya Mzakwe, vilivyochimbwa kwa ajili ya mji mdogo zaidi. Mgawo ukibana, mwenye tangi juu ya paa anasubiri zamu yake. Asiye na tangi ananunua kwa dumu, na lita yake inakuwa ghali kuliko ya jirani mwenye bomba. Kwenye matibabu ni hivyohivyo. Bima ya iCHF, ile ya mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, bei isiyotisha, ila ilimtaka mtu awe nayo yote siku moja na awe na kaya. Kijana anayelala wanne chumba kimoja Nkuhungu si kaya ya mtu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepita tangu 2023; tutaipima kwa kijana huyu.

Wanaowatilia shaka wahamiaji hawa wana hoja, na si zote za chuki. Ujenzi holela unaligharimu jiji: ukijenga kwenye mkondo wa maji leo, kesho halmashauri inatafuta fedha za kukuhamisha. Dodoma ilikuwa na CDA, mamlaka ya kuustawisha mji huu, tangu 1973 kwa sababu hiyohiyo, ili mji upangwe kabla haujajaa. Na hoja nzito zaidi ni hii: wasingehamia wenye barua, hawa wa nauli wasingekuja. Mshahara wa Hazina ndio unaojenga nyumba ya Iyumbu, na nyumba hiyo ndiyo inayomlipa fundi, naye fundi ndiye anayemlipa mama lishe. Hilo sina la kulipinga. Anayetaka watumishi warudi Dar, na wapo wanaosema hivyo, anaomba njaa kwa vibarua.

Ninachobisha ni pale hoja inapogeuzwa kuwa mmoja analeta na mwingine anakula. Fedha ya mtumishi mwenye familia Dar inakuja Dodoma tarehe ya mshahara, na sehemu nzuri inarudi kulipa ada na kodi kulekule. Kibarua naye anatuma kwao, tusidanganyane. Kila mwisho wa wiki vibanda vya miamala vina foleni. Ila anayoibakiza inaliwa hapahapa, Majengo na Sabasaba, kwa mchele, mafuta na vocha. Wengi ninaowaona wamekuja na mke, watoto wanasoma shule za kata za hapa. Mtumishi anahesabu miaka ya kustaafu arudi Kimara. Huyu wa koleo hana pengine alipojenga.

Halafu kuna mwenyeji, Mgogo, ambaye kila upande unamtaja pale unapomhitaji. Mashamba ya Iyumbu na Ihumwa yalipopimwa viwanja, wazee wengi walitoka wakinung'unikia fidia. Hasira hiyo siku hizi naisikia ikimwangukia bodaboda. Aliyechukua shamba la babu si bodaboda. Lilichukuliwa na ramani, na ramani ilichorwa kwa ajili ya wenye barua na wenye mtaji. Na mkoa huu wenyewe ulikuwa wa kutoa watu: njaa ilipobana Ugogo, aliyekimbilia Dar alifanywa kichekesho cha ombaomba nchi nzima. Kama kuna watu wangepaswa kuwa wazito wa kumwita kijana wa Kiha mvamizi, ni sisi wa huku.

Mipango ya makazi inaonyesha nani aliyefikiriwa. Wakala wa Majengo, TBA, inajenga Nzuguni kwa ajili ya watumishi, na Shirika la Nyumba, NHC, limejenga Iyumbu kwa wenye uwezo wa kununua. CDA ilipovunjwa Mei 2017, muda wa hati ukaongezwa kutoka miaka 33 hadi 99, na watu wakashangilia kwa haki. Furaha hiyo ilikuwa ya wenye hati. Kwa hawa wengine tulijenga soko la wazi la machinga Barabara ya Bahi, jambo jema, na ipo asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Soko ni pa kuuzia. Pa kulala bado ni juu yao.

Ningekuwa na sauti kwenye halmashauri ningeomba kitu kidogo: viwanja vidogo vilivyopimwa, vyenye kioski cha maji karibu, vinavyolipiwa kidogokidogo kwa simu kwa miaka kadhaa. Sharti la kukiendeleza kiwanja ndani ya miezi 36 lilegezwe, mtu aruhusiwe kuanza na chumba kimoja cha tofali na choo, mengine yafuate. Watasema huko ni kuhalalisha nyumba duni. Nyumba duni tayari zipo, tofauti ni kwamba ziko mlimani na kwenye makorongo. Na hawa si watu wasiolipa: anayepeleka hesabu ya pikipiki kila siku kwa mwaka mzima amekwisha kuthibitisha kwamba anaweza kulipa kiwanja. Ningeanzia Nala na Zuzu upande mmoja, Ihumwa upande wa pili, ambako ardhi bado ipo, na ningeanza kabla kazi za Msalato na za barabara ya mzunguko hazijaisha, wakati bado wana cha kulipia.