Jambo la Wote, Mwenyewe Nani?

Mtu anauliza kwenye kundi la WhatsApp: "Jamani, kikao cha kesho bado kipo?" Ujumbe unasomwa na karibu kundi zima, lakini hakuna anayejibu. Si kwamba wanamdharau. Kila mmoja anaona yupo anayefaa zaidi kujibu, na huyo anayefaa naye anamsubiri mwenyekiti. Baada ya muda swali linazikwa chini ya picha za harusi.

Mimi uongozi ninautafuta hapo. Semina zimetujaza dira na maono, na mtu anatoka huko na cheti chake, kisha analipita bomba linalovuja ofisini akisema wenye kazi yao watakuja.

Mwaka 1968 wanasaikolojia wa Marekani Bibb Latané na John Darley walichapisha jaribio moja ambalo silisahau. Waliwaketisha watu chumbani wajaze fomu, kisha wakapenyeza moshi kupitia tundu la ukutani. Kati ya waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kutoa taarifa. Walioketi pamoja na watu wawili waliopangwa kukaa kimya kana kwamba hakuna kitu, waliotoka ni asilimia 10 tu. Waliobaki waliendelea kuandika huku wakikohoa na kupikicha macho. Moshi ulikuwa uleule. Walichokuwa wakikisoma ni nyuso za majirani zao.

Kwa hiyo anayevunja ukimya wa namna hiyo kwangu ni kiongozi, awe na cheo au asiwe nacho. Wala hahitaji hotuba. "Fundi nitampigia mimi, na kabla ya saa nane nitawaambia amesemaje." Basi. Jambo limepata mtu na limepata saa. Linganisha na vikao vyetu, ambako hoja hufungwa kwa "lifuatiliwe", wote wakatikisa vichwa, na kikao kijacho likarudi mezani kama lilivyoondoka. Ukiuliza "nani, na lini?" utaonekana una kiherehere. Uliza tu. Kiherehere ni kudandia jambo ambalo tayari lina mwenyewe, ili uonekane. Hili halina mwenyewe.

Upande wa pili ni mgumu zaidi, nao ni kukubali kuambiwa. Machi 1977, Boeing 747 mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia huko Tenerife, kisiwa cha Uhispania, na watu 583 wakafa. Sababu zilikuwa kadhaa, ukungu ukiwemo, lakini kuna sekunde chache ambazo zinanikaa kichwani: ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, ikiwa tayari inakimbia kuruka, injinia wake aliuliza kama ile nyingine imeshatoka njiani. Rubani mkuu, mtu mwenye heshima kubwa katika kazi hiyo, akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Injinia hakuendelea. Baadaye mafunzo ya marubani yalianza kumfundisha mdogo kusema na kusisitiza, na mkubwa kusikiliza.

Nyumbani hatuna ndege, lakini marubani wakuu tunao. Mtoto akisema, "Baba, hii njia siyo," na akajibiwa "kaa kimya, unajua nini wewe?", kesho akiona jambo kubwa zaidi atakaa kimya kweli. Ni hivyohivyo kwa bosi anayenuna kila akisahihishwa, kisha akashangaa kwa nini habari mbaya humfikia yeye wa mwisho. "Asante, ngoja niangalie" ni jibu dogo, na linatosha hata pale mtoto anapokuwa amekosea.

Lipo onyo moja. Anayejitolea mara mbili tatu hugeuzwa punda wa kundi. Kila kinacholegea kinamsubiri yeye, naye anaanza kulifurahia hilo kimyakimya. Mara ya nne mgeukie mwenzako kwa jina: "Hili safari hii lishike wewe, ukikwama nipo." Kisha uvumilie atakapolifanya kwa namna yake, tena taratibu kuliko ambavyo ungelifanya wewe.