Umeme wa Chuo Kikuu: Tumlaumu Mwanafunzi au Mtambo?

Vyuo vikuu vingi vinapotangaza mpango wa kupunguza matumizi ya nishati huanza na kibandiko ukutani: "Zima taa utokapo." Ni agizo jema, na halina gharama. Lakini anayeagizwa ni mwanafunzi, ambaye katika majengo mengi mkono wake unaishia kwenye swichi ya taa. Mitambo ya hewa na ya kupoza, inayokula sehemu kubwa ya umeme, iko juu ya paa na kwenye vyumba ambavyo haruhusiwi kuingia.

Hata hivyo, wanaotetea njia ya kubadili tabia wana hoja yenye nguvu. Mwaka 2005 Chuo cha Oberlin, Marekani, kilishindanisha mabweni yake kwa wiki mbili huku wanafunzi wakionyeshwa jinsi bweni lao linavyotumia umeme. Matumizi yalishuka kwa asilimia 32. Harvard nako maabara zimeshindanishwa kwa jambo dogo kabisa: kushusha kioo cha kabati la kuvuta mvuke wa kemikali kila kazi inapokwisha. Kwa hesabu ya watafiti wa maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley, kabati moja la namna hiyo linaweza kutumia nishati sawa na nyumba zaidi ya tatu za Marekani. Hapo mkono wa mtumiaji una uzito kweli, na kioo kikishushwa hata usalama wake unaongezeka.

Ila mashindano yale yalikuwa ya wiki mbili. Mwanafunzi aliyehamasika mwaka huu atahitimu, ataingia mwingine, na kazi ya kumshawishi itaanza upya. Menejimenti haiwezi kupanga bajeti ya miaka kumi kwa kutegemea hamasa.

Ndiyo maana mimi naelemea upande wa mitambo, na hasa upande wa hewa. Umeme unaohitajiwa na feni hufuata kipeo cha tatu cha kasi yake, yaani kasi mara kasi mara kasi: punguza mwendo kwa asilimia 20 tu, na umeme unashuka kwa karibu nusu. Hakuna mahali kanuni hii inapofaa kama chuoni. Ukumbi wa mihadhara hujaa kwa saa chache, kisha hukaa mtupu usiku, wikendi na likizo nzima. Feni zake je? Mara nyingi zinazunguka vilevile, kwa sababu ratiba ya mtambo ilipangwa jengo lilipofunguliwa na hakuna aliyeigusa tena.

Maabara ndizo zenye kula zaidi. Hewa ya maabara ya kemikali hairudishwi ndani. Yote hutolewa nje pamoja na ubaridi au joto lililokwisha kulipiwa. Desturi ya miaka mingi ni kuibadilisha mara 6 hadi 12 kwa saa, mchana na usiku. Chuo Kikuu cha California kule Irvine kiliweka vihisi vinavyopima ubora wa hewa, kikashusha kiwango hicho hadi mara 4 watu wakiwamo na mara 2 wasipokuwamo, na kiwango kikawa kinapanda chenyewe kihisi kinapogundua kemikali. Maabara zilizofanyiwa kazi hiyo zilipunguza nishati kwa takriban asilimia 60. Nasisitiza neno "vihisi". Anayepunguza hewa bila kuipima anaokoa pesa kwa kuhatarisha mapafu ya watu wengine, na janga la Uviko-19 lilitukumbusha thamani ya hewa safi ndani ya darasa. Wahadhiri wanaopinga kubanwa kwa hewa kiholela wako sahihi, na sioni haja ya kuwabembeleza wabadili msimamo.

Upinzani mwingine ni wa fedha: mitambo ni ghali. Ni kweli kwa miradi mikubwa. Lakini uchambuzi wa Lawrence Berkeley wa mwaka 2009, uliokusanya mamia ya majengo, ulionyesha kwamba kukagua na kurekebisha upya mitambo iliyopo huokoa nishati kwa kiwango cha kati cha asilimia 16, na gharama hurudi baada ya mwaka mmoja na kidogo. Kazi yenyewe ni kusahihisha ratiba, kufungua vali zilizokwama na kuzuia upozaji na upashaji joto visifanyike kwa wakati mmoja. Hakuna utepe wa kukata hapo, na nadhani ndiyo sababu kazi hii huachwa kwa ajili ya jengo jipya la kujivunia.

Jengo jipya nalo halitoi uhakika. Oberlin hiyohiyo ilifungua mwaka 2000 jengo la masomo ya mazingira lililotarajiwa kuzalisha umeme mwingi kuliko linaoutumia. John Scofield, profesa wa fizikia wa chuo hicho, alipima na kuonyesha kwamba katika miaka ya mwanzo lilitumia zaidi ya lilivyozalisha. Mitambo ilirekebishwa, na mwaka 2006 paneli nyingi zaidi za jua zikaongezwa. Bila mita, sifa za jengo zingeendelea kuimbwa na bili zingeendelea kulipwa.

Kuna jambo moja ambalo pande zote mbili hulisahau: anayetumia umeme si anayeulipia. Idara haioni bili, inayolipwa na ofisi kuu, na kinachookolewa humezwa na bajeti ya jumla. Mkuu wa idara akitafuta fedha za vihisi hapati, ingawa chuo kizima kingefaidika. Harvard ilianzisha mfuko wa mzunguko unaozikopesha idara fedha za miradi kama hiyo, nazo hurejesha kutokana na akiba ya bili. Huo ni utaratibu ambao hata chuo chenye fedha kidogo kinaweza kuuanza kwa jengo moja.

Kama ningeulizwa pa kuanzia, ningetaka kila jengo liwe na mita yake na takwimu zake zisomwe na yeyote, kisha chuo kiajiri fundi wa kudumu wa kuzifuatilia, mwenye mamlaka ya kubadili ratiba za mitambo bila kusubiri kikao. Mashindano ya mabweni yaje baada ya hapo, wanafunzi wakiwa na namba mbele yao, na chuo kikiwa kimeshaonyesha namba zake.